Mtoto mweusi na ulinzi wa watoto Marekani: jibu kwa mama wa Minnesota

Swali: Mwalimu, mimi ni Mkenya, naishi Brooklyn Park, Minnesota, na nafanya zamu ya usiku katika nyumba ya wazee. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki nyingine hayupo kabisa. Majuzi msichana wangu wa miaka 12 alibaki usiku na wadogo zake, mmoja ana miaka 7 na mwingine 4, jirani akapiga simu kaunti. Afisa wa ulinzi wa watoto amekuja mara moja na amesema atarudi Alhamisi. Kanisani wengine wananiambia hapa mtoto mweusi huchukuliwa upesi kuliko mzungu, wengine wanasema hizo ni porojo. Ukweli ni upi? Mume wangu anataka tuwapeleke kwa nyanya yao huko Nyamira, Kenya, kabla mambo hayajaharibika.

Jibu: Pole sana, dada yangu. Nitaanza na hiyo Alhamisi kwa sababu iko mlangoni, kisha nitakujibu kuhusu rangi kwa urefu, maana umeuliza jambo ambalo watu hulijibu kwa hasira au kwa kulikwepa, na wewe unastahili jibu kamili.

Kwanza, afisa wa kaunti hawezi kuwabeba watoto wako kwa uamuzi wake mwenyewe. Katika Minnesota mtoto huondolewa nyumbani kwa amri ya mahakama, au na polisi anayeona hatari ya papo hapo. Polisi akimwondoa, shauri lazima lifike mbele ya jaji ndani ya saa 72, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zisihesabiwe. Mambo yakifika mahakamani na huna uwezo wa kulipa wakili, omba mahakama ikuteulie, na uombe mapema, usingoje kikao cha pili.

Pili, jimbo lina mwongozo ambao kaunti huutumia kuchuja simu kama hiyo ya jirani yako. Mwongozo huo unasema mtoto wa miaka 7 kushuka chini asiachwe peke yake hata kidogo. Wa miaka 8 hadi 10 isizidi saa 3. Wa miaka 11 hadi 13 isizidi saa 12. Aliye chini ya miaka 11 asiachiwe kulea wenzake, bali wa miaka 11 na kuendelea anaweza kuwalea kwa muda uleule anaoruhusiwa kubaki peke yake. Zamu yako, kama ni ya saa 8, ukiongeza safari ya kwenda na kurudi, haifiki saa 12. Sisemi kwamba umeshinda kesi. Mwongozo huo si kinga, na afisa atataka kujua kama msichana anaweza kukupata kwa simu, kama anajua pa kukimbilia moto ukiwaka, na kama kuna mtu mzima karibu wa kugongewa mlango. Lakini uwe na maelezo hayo tayari: jina la rafiki au jamaa anayeishi karibu, namba yake ikiwa imebandikwa ukutani, na ratiba yako ya kazi iliyoandikwa. Mwombe afisa akwambie, ikiwezekana kwa maandishi, unatuhumiwa nini hasa, na kama faili lako linashughulikiwa kwa njia ya tathmini ya familia au ya uchunguzi. Tofauti ya njia hizo mbili ni kubwa, nitaieleza mwishoni.

Hulazimiki kumfungulia mlango kama hana amri ya mahakama na hakuna dharura. Hata hivyo, ukimfungia kwa maneno makali anaweza kwenda kuiomba hiyo amri. Mzazi anayeongea kwa utulivu, akiwa ameshazungumza na wakili au hata akiwa na wakili kwenye simu, yuko mahali pazuri zaidi. Ujue pia kwamba sheria ya Minnesota inawaruhusu kuongea na watoto wako shuleni bila wewe kuwepo. Usiwafundishe watoto la kusema. Waambie waseme kweli, basi.

Sasa suala la rangi.

Waliokwambia ni porojo wamekosea. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba katika Marekani watoto 37 kati ya kila 100 huwa wamefanyiwa uchunguzi wa ulinzi wa watoto angalau mara moja kabla hawajatimiza miaka 18. Kwa watoto wazungu ni kama 28. Kwa watoto weusi ni 53. Yaani kwa familia nyeusi, kugongewa mlango na afisa ni jambo linalowafika zaidi ya nusu ya watoto. Ukija kwenye hatua ya kuondolewa nyumbani na kuwekwa kwa walezi wa kambo wanaolipwa na serikali, watoto weusi ni takriban 14 kati ya kila 100 wa nchi nzima, lakini ni 22 au 23 kati ya kila 100 walio katika malezi hayo. Wenyeji asilia wa Amerika hali yao ni mbaya zaidi, na hapo kwenu Minnesota ndiko pengo lao linakotisha: uwezekano wa mtoto wao kuondolewa nyumbani ni zaidi ya mara kumi ya ule wa mtoto mzungu.

Lakini waliokwambia kwamba maafisa wanawawinda weusi tu, nao hawajaliona jambo lote. Kuna watafiti makini wanaosema kwamba sehemu kubwa ya pengo hili ni umaskini: familia nyeusi ni maskini zaidi kwa sababu za kihistoria, umaskini huongeza hatari kwa watoto, kwa hiyo idadi kubwa ni ya kutarajiwa. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na hatuwezi kufumbia macho kwamba watoto weusi hufa kwa kudhulumiwa au kutotunzwa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wazungu. Mtu anayewapenda watoto wetu hawezi kutaka serikali iwape kisogo.

Ndiyo maana nauthamini sana utafiti wa Michigan uliochapishwa 2024. Wachumi walilinganisha watoto weusi na wazungu waliokuwa na hatari ileile ya kudhulumiwa baadaye kama wangeachwa nyumbani. Hata hapo mtoto mweusi alikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 50 zaidi wa kuondolewa. Na walipochimba zaidi waliona kwamba pengo kubwa liko kwenye nyumba zenye hatari ya kweli: mtoto mzungu aliye hatarini huachwa nyumbani mara nyingi zaidi. Upendeleo huo, kwa hiyo, unawaumiza hata watoto wa kizungu wanaopaswa kuokolewa. Mtu akikwambia usawa ni kuwafanyia weusi huruma, mweleze habari hiyo.

Pengo lenyewe huanzia kwenye simu, kabla afisa yeyote hajatia mguu nyumbani kwako. Mwalimu, muuguzi, daktari, wote wanalazimika kisheria kuripoti wakishuku, na jicho la kushuku haliwaangalii watoto wote sawasawa. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti wa Kaunti ya Pinellas, Florida. Wajawazito walipimwa dawa za kulevya, na matokeo yakakaribiana: wazungu asilimia 15.4, weusi asilimia 14.1. Walioripotiwa kwa mamlaka, weusi walikuwa karibu mara kumi ya wazungu. Mwaka 2002 madaktari wa hospitali moja ya watoto Philadelphia walipitia mafaili ya watoto wadogo waliovunjika mifupa, wakakuta kwamba hata pale ilipothibitika kuwa ni ajali, watoto wasio wazungu waliripotiwa mara nyingi zaidi.

Hapa niongeze jambo ambalo kila mama mwenye mtoto mwenye ngozi nyeusi anapaswa kulijua. Watoto wetu wengi huzaliwa na mabaka ya rangi ya samawati au kijivu kwenye makalio na chini ya mgongo. Hayaumi, hayana madhara, na mengi hufifia mtoto anapokua. Mlezi wa kituo cha watoto asiyeyajua akimbadilisha mtoto nepi huona alama za kipigo. Mwombe daktari ayaandike kwenye faili la mtoto tangu kliniki ya kwanza, na yakipimwa kwa sentimita ni bora zaidi. Vivyo hivyo kwa alama za chuku au chale kama ukoo wenu una desturi hizo. Karatasi moja ya daktari imeokoa familia nyingi.

Baada ya simu huja ziara. Atafungua friji. Atahesabu vitanda. Ataangalia kama king'ora cha moshi kinafanya kazi na dawa zimewekwa wapi. Akiona watoto watatu kwenye magodoro mawili chumba kimoja, anaweza kuandika kwamba watoto wana mahali safi pa kulala pamoja, au akaandika kwamba watoto hawana vitanda. Maneno yote mawili ni ya kweli. Lakini jaji atakayeyasoma wiki tatu baadaye hajakiona chumba, ana sentensi tu. Kwa hiyo usinyamaze anapoandika. Mwambie kwamba hivyo ndivyo wanavyopenda kulala, kwamba hata kwetu ndugu hulala pamoja, na kama una nia ya kununua kitanda, mwambie lini.

Lipo pia jambo la sheria yenyewe. Takriban robo tatu ya watoto wanaothibitishwa kudhulumiwa Marekani faili zao zinataja uzembe wa malezi, peke yake au pamoja na kosa jingine. Uzembe wa malezi ni kapu linalobeba mengi: chakula kidogo, nyumba iliyokatiwa umeme, mtoto asiye na mtu mzima wa kumwangalia. Mama mwenye hela akihitaji mtu wa kulala na watoto humlipa. Wewe ungemlipa nani, saa nne ya usiku, kwa mshahara wa nyumba ya wazee? Minnesota ina msaada wa serikali wa kulipia malezi ya watoto, na unaweza kumlipa hata jamaa au jirani aliyejisajili. Kaombe kabla ya Alhamisi, hata kama jibu litachelewa, na umwonyeshe afisa kwamba umeomba. Illinois walikwenda mbali kidogo: tangu 1991, kutokana na kesi iliyofunguliwa na wazazi maskini, idara ya huko inawajibika kuwasaidia kwa fedha taslimu na makazi wazazi ambao tatizo lao ni ufukara. Wangetusikiliza, nchi nzima ingefanya hivyo.

Nisiache historia nyuma, kwa kuwa sisi tuliokuja juzi hudhani mambo haya yalianza jana. Mwaka 1960 jimbo la Louisiana liliwaondoa takriban watoto 23,000 kwenye orodha ya msaada wa fedha kwa familia maskini, karibu wote weusi, kwa kisingizio kwamba nyumba zao hazifai kwa vile mama zao walizaa nje ya ndoa. Kelele zilipozidi, serikali ya shirikisho ikatoa kanuni 1961: jimbo lisikate tu msaada na kumwacha mtoto katika nyumba linayosema haifai, ama liisaidie familia, au limwondoe mtoto. Kanuni hiyo ililenga kuwalinda. Lakini mwaka uliofuata fedha za shirikisho za kulipia watoto walioondolewa ziliongezwa, na maafisa wakapata sababu ya kuchagua njia ya pili. Familia zilizokuwa zikinyimwa msaada sasa zikaanza kunyang'anywa watoto. Kwa wenyeji asilia ilikuwa vilevile na mbaya zaidi: katika miaka ya 1970 iligundulika kwamba kati ya asilimia 25 na 35 ya watoto wao walikuwa wametenganishwa na familia zao, ndipo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwalinda mwaka 1978. Sheria hiyo ilipingwa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2023 majaji 7 dhidi ya 2 wakaiacha isimame.

Madhara kwa familia nimeyaona kwa karibu kwa sababu hii ndiyo kazi yangu. Tangu 1997 sheria ya shirikisho inasema mtoto akikaa kwa walezi wa kambo miezi 15 kati ya 22, jimbo kwa kawaida linatakiwa kuomba mahakama ifute haki za mzazi. Jambo hilo linaonekana la busara hadi uyaweke maisha ya mama wa zamu ya usiku ndani yake. Anapewa mpango: darasa la malezi Jumanne mchana, ushauri nasaha Alhamisi, kumwona mtoto Jumatano saa nane katika ofisi iliyo mabasi mawili kutoka kwake, na nyumba yenye vyumba zaidi. Anaomba ruhusa kazini mara moja, mara mbili, mara ya tatu anapoteza kazi. Akipoteza kazi, nyumba inakwenda. Akikosa nyumba, inaandikwa kwamba hajatimiza mpango. Miezi inahesabiwa.

Na kuna hili la lugha, ambalo linanichoma. Mtoto wa miaka 3 akiwekwa kwa walezi wanaoongea Kiingereza pekee, baada ya miezi kadhaa Kiswahili au Ekegusii kinamtoka. Siku ya kumwona, mama anaketi naye chumbani na msimamizi amekaa pembeni na daftari. Mama akianza kuimba wimbo wa kumbembeleza, msimamizi humwomba aongee Kiingereza, kwa kuwa lazima aelewe kinachosemwa. Mama anajikuta akimwongelesha mwanawe kwa lugha ya kazini, kwa sentensi fupifupi. Kisha inaandikwa kwamba mama hana ukaribu na mtoto. Kudai mkalimani katika ziara hizo ni haki: idara zinazopokea fedha za shirikisho zinafungwa na sheria ya haki za kiraia ya 1964. Kamwe usikubali mtoto wako mkubwa atumiwe kama mkalimani.

Hata familia zisizochukuliwa watoto hubaki na woga. Nawajua wazazi wanaochelewa kumpeleka mtoto hospitali akianguka, kwa kuogopa maswali. Kuna watoto wameelezwa nyumbani wasimwambie mwalimu lolote, hata njaa. Mfumo uliowekwa ili watu waombe msaada umewafundisha kuuficha uhitaji wao, na hapo hata mtoto aliye hatarini kweli hubaki bila wa kumwona.

Yapo yaliyobadilika. Kufikia mwaka 2000 karibu watoto 4 kati ya kila 10 katika malezi ya kambo Marekani walikuwa weusi; leo ni kidogo zaidi ya 2. Utafiti wa New York City uliotolewa 2019 ulionyesha kwamba wazazi waliowakilishwa na ofisi zenye wakili, mfanyakazi wa ustawi wa jamii na mzazi mshauri kwa pamoja, watoto wao walirudi nyumbani mapema kwa karibu miezi minne kwa wastani, bila hatari kuongezeka. Na kwenu Minnesota, mwaka 2024 ilipitishwa sheria ya kulinda familia za watoto weusi na wengine wanaoondolewa kupita kiasi, iitwayo kwa Kiingereza Minnesota African American Family Preservation and Child Welfare Disproportionality Act. Kwa sheria hiyo mtoto mweusi ni mwenye asili ya Afrika, kamili au sehemu, kwa hiyo wako wamo. Inaitaka kaunti ifanye juhudi za dhati kuzuia mtoto kuondolewa, na ikibidi aondolewe, itafute ndugu kwanza. Ilianza kwa awamu katika kaunti za Hennepin na Ramsey mwaka 2025, na jimbo zima limepangiwa 1 Januari 2027. Brooklyn Park iko Hennepin. Muulize afisa, kwa jina la sheria hiyo, kama faili lako liko chini yake.

Ndugu hao uwaandike mwenyewe. Sheria ya shirikisho ya 2008 inaitaka kaunti iwatafute na kuwaarifu jamaa watu wazima ndani ya siku 30 mtoto akiondolewa, lakini afisa hajui kwamba binamu ya mume wako yuko Saint Paul au kwamba mama mdogo yuko Dallas. Andika majina, anwani na simu, zungumza nao sasa, na uwaulize wazi: mkiitwa, mtakubali?

Kuhusu Nyamira, namwelewa mume wako. Ila faili likiwa wazi, kuwasafirisha watoto kunaweza kusomeka kama kuwatorosha, na jaji anaweza kukuuliza kwa ukali ni nini ulichokuwa ukikimbia. Zaidi ya hapo, watoto waliozoea shule ya hapa wataathirika kwa kosa ambalo huenda halipo. Msifanye lolote kabla faili halijafungwa na wakili hajasema.

Sasa ile tofauti ya njia mbili. Katika tathmini ya familia hakuna hukumu ya kama mtoto alidhulumiwa. Wanaangalia mahitaji na usalama, basi. Katika uchunguzi, mwishoni huandikwa kama kosa limethibitika. Kwa mama mwingine hilo ni karatasi tu. Kwako wewe ni kazi. Wanaohudumia wazee na wagonjwa Minnesota huchunguzwa rekodi zao na jimbo, na kosa likithibitika na likahesabiwa kuwa kubwa au la kurudiarudia, mtu anaweza kuzuiwa kuwahudumia kwa miaka 7. Wengi wetu tuko kwenye kazi hizo, na wengi hupata barua ya kwamba kosa limethibitika wakaiweka mezani wakishukuru kwamba watoto hawakuchukuliwa. Ikija barua ya namna hiyo una siku 15 tangu kuipokea kuomba iangaliwe upya, kwa maandishi. Andika tarehe uliyoipokea juu ya bahasha, uipeleke kwa wakili wiki hiyohiyo, na ubaki na nakala ya ulichotuma.